Sanduku la Aimé Bornand na Mkono Uliolitengeneza

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Les Granges-Noires, Jura ya Vaud
Tarehe: Ijumaa, 11 Aprili 2025. Yameanza kuandikwa saa nane na dakika kumi mchana.
Jina: Odile Jaccard
Umri: Miaka 73
Kazi: Mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mrekebisha sauti katika kiwanda cha masanduku ya muziki.
Makazi: Nyumba ya tatu baada ya kiwanda cha jibini, Les Granges-Noires
Uhusiano na mtuhumiwa: Hakuna

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Sajini Valérie Chollet ameniambia natakiwa kusema kweli, na kwamba nikidanganya sheria itanishika. Nimemjibu kwamba uongo nilishausema Jumamosi, na ndiyo sababu niko hapa. Ameniomba nianze mwanzo. Nitaanza mwanzo, na naomba nisikatizwe, maana nikikatizwa nitakosa ujasiri wa kufika mwisho.

Mimi ni mwanachama wa chama cha wapenzi wa muziki wa mashine hapa kijijini. Tuko kumi na wanne. Wengi wetu tulifanya kazi kiwandani wakati kiwanda kipo, na waliobaki ni wazazi au watoto wa watu wa kiwandani. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nane mchana, katika ukumbi ulio juu ya banda la gari la zimamoto. Kila mmoja huleta chake: sanduku la muziki, ndege wa bati anayeimba, kinanda cha kuzungusha kwa mkono. Tunasikiliza, tunasifiana, tunasengenyana kidogo, tunakula keki ya malai, tunarudi nyumbani.

Mnamo tarehe 5 Aprili 2025 nilifika ukumbini saa nane kasoro robo. Theluji ilikuwa bado imelala upande wa kivuli wa barabara. Nilimkuta Lucien Bornand, mwenyekiti wetu, mwenye duka la misumari na rangi. Lucien ni mtoto wa kaka yake marehemu Aimé Bornand, kwa hiyo Aimé alikuwa baba yake mdogo, na Lucien ndiye aliyemrithi. Nilimkuta pia Gaston Addor, mstaafu wa kiwanda cha jibini, pamoja na kinanda chake kinachosoma nyimbo kutoka kwenye karatasi zilizotobolewa. Gaston alipiga wimbo wa gwaride. Ni ule ule anaoupiga kila mwezi tangu mwaka 2011.

Nilimuuliza, "Gaston, wewe huna karatasi nyingine?"

Akasema, "Ninayo, Odile. Nakutunzia, ya mazishi yako."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nalisema hili ili afisa ajue kwamba tulikuwa na furaha, hakuna aliyekuja pale na nia mbaya.

Sajini Chollet alihamia hapa mwaka jana, hakumjua Aimé kabla ya ugonjwa. Basi niseme. Aimé Bornand alikuwa fundi wa masanduku ya muziki, wa mwisho katika bonde hili aliyeweza kulifungua sanduku la miaka mia na hamsini na kulifunga likiwa zima. Alifariki tarehe 3 Februari mwaka huu akiwa na miaka themanini na sita. Mikono ilianza kumtetemeka mwanzoni mwa mwaka 2022, na hadi kiangazi cha mwaka ule alikuwa hawezi kushika kijiko. Naomba jambo hili la mikono liandikwe vizuri, kwa sababu ndilo kila kitu.

Mnamo saa nane na nusu hivi mlango ulifunguliwa, akaingia Bi. Deolinda Seixas. Ni Mreno, anafanya kazi katika huduma ya kutunza wagonjwa majumbani. Alimtunza Aimé karibu miaka mitatu mpaka siku ya mwisho. Pia ndiye anayemwogesha Huguette, mke wa Gaston, ambaye amepoteza kumbukumbu. Alikuwa amevaa koti la kijani. Alibeba mfuko wa sokoni, ameukumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Gaston alimwambia, "Karibu, mama. Kama umemfuata Huguette, yuko nyumbani na dada yake."

"Hapana, Bwana Gaston. Nimekuja kwenye mchezo wa shuka."

Lucien akauliza, "Nani kakuambia habari za shuka?"

"Bwana Aimé. Alisema mtu yeyote anaruhusiwa kuja."

Ni kweli anaruhusiwa. Mchezo wa shuka tumeucheza tangu enzi za baba zetu. Mwenye sanduku huliweka mezani na kulifunika kwa shuka jeupe ili asilione mtu, kisha hulifungulia na kukaa kando bila kusema neno. Sisi husikiliza. Wimbo ukiisha, anayejiona anajua husimama na kusema mambo matatu: limetengenezwa wapi, lina umri gani, na mkono wa nani ulilitengeneza mara ya mwisho. Hilo la tatu ndilo gumu. Kila fundi ana namna yake, na mwenye sikio huisikia. Sheria ya mchezo ni moja tu, na Lucien mwenyewe aliichapisha kwa herufi kubwa akaibandika ukutani: Wimbo Umalizike Kwanza. Wimbo ukiwa katikati hatusemi, hatukohoi, hatusogezi kitu.

Bi. Seixas alivuta pazia mbele ya meza, akaliweka sanduku lake chini ya shuka, akalifungulia, kisha akalirudisha pazia akakaa kwenye kiti. Mikono aliiweka magotini. Lilianza kulia, kwenye wimbo wa tatu.

Nililijua kabla ya mstari wa pili kuisha. Lilikuwa sanduku la nyimbo sita la Aimé, lile lililokaa kwenye kabati la sebuleni kwake. Nililisikia kila Jumatano kwa miaka ishirini na tisa, maana kila Jumatano saa kumi nilikuwa nakunywa kahawa kwake. Sikuwa mke wake wala mchumba wake. Watu walisema, na mimi niliwaacha waseme. Tulikuwa tunasikiliza sanduku, halafu mimi namwambia lina kasoro gani, naye anakubali au anabisha.

Lilikuwa na kasoro moja ya kudumu. Ndani ya sanduku kuna silinda ya shaba yenye maelfu ya vipini vidogo kama ncha za sindano, na mbele yake kuna kichana cha chuma. Silinda ikizunguka, vipini vinanyanyua meno ya kichana na meno yanalia. Chini ya kila jino kuna kitu kidogo cha kulinyamazisha kabla kipini kingine hakijaligusa. Sisi tunakiita kinyamazishi. Kwenye meno mazito kinyamazishi ni waya mwembamba. Kwenye meno membamba ya mwisho, yale ya sauti za juu, ni kipande cha unyoya wa kuku kilichokatwa kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Unyoya ukichakaa, jino linanguruma kama nyuki kwenye gilasi. Sanduku la Aimé lilikuwa linanguruma kwenye wimbo wa tatu. Kila mwaka alisema atalitengeneza, na kila mwaka akatengeneza masanduku ya watu wengine.

Mara ya mwisho nilipolisikia ilikuwa Machi 2022, na lilinguruma.

Jumamosi iliyopita halikunguruma. Wimbo wa tatu ulipita wote safi. Sauti za juu zilitoka laini, laini kupita alivyopenda Aimé, kama mtu anayeongea katika chumba alimolala mgonjwa. Manyoya yalikuwa mapya, na yalikuwa yameachwa marefu kidogo. Aimé hakuyaacha marefu hata siku moja, alikuwa anasema ni uvivu. Na Aimé mwenye mikono ile asingeweza kukata unyoya wala kuugandisha. Nilijua haya yote nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, wimbo haujaisha. Nilijua kwamba mkono ule si wake. Nilimtazama Bi. Seixas nikaona vidole vyake vinafuata wimbo juu ya magoti, na nikajua ni mkono wa nani.

Afisa ameniuliza kama nilikuwa na hakika wakati huo au nilifikiria baadaye. Nilikuwa na hakika wakati huo.

Wimbo ulipoisha nilisimama. Nilisema, "Limetengenezwa hapa hapa bondeni. Lina miaka mia na thelathini. Ni sanduku la Aimé Bornand, na mkono ni wa Aimé Bornand."

Mawili ya kwanza yalikuwa kweli. La tatu lilikuwa uongo.

Bi. Seixas alitabasamu. Alisema, "Mama, la tatu umekosa. Mkono si wake."

Lucien akamuuliza, "Ni wa nani basi?"

"Wangu."

Gaston akasema, "Jamani, mama huyu anatuogeshea wake zetu, sasa anatutengenezea na masanduku." Ukumbi mzima ulicheka. Hawakucheka kwa chuki. Walicheka kwa sababu Odile Jaccard alikuwa ameshatoa jibu, na katika ukumbi ule sikio langu halibishiwi. Mimi sikucheka, lakini sikusema kitu.

Bi. Seixas aliacha kutabasamu. Alinitazama mimi, hakuwatazama wao.

Lucien alisogea mezani. Alisema, "Hili sanduku nimelitafuta tangu siku ya mazishi. Kabatini palibaki alama ya vumbi tu."

"Alinipa, Bwana Lucien."

"Karatasi iko wapi?"

"Hakuna karatasi. Alisema lichukue, likae kwako, na siku moja ulipeleke kwa wale wazee uone kama watausikia mkono wako. Ndiyo nimelileta."

"Kwa hiyo baba mdogo, ambaye hakumfundisha mtu yeyote maisha yake yote, kakufundisha wewe."

"Ndiyo. Jioni, baada ya dawa zake."

Lucien akanigeukia. "Odile, una hakika ni mkono wa baba mdogo?"

Nilisema, "Nina hakika." Hapo haikuwa mchezo tena. Nilisema nikiwa nimeulizwa kwa makini, na nilijua kitakachofuata.

Wakati tunabishana sanduku lilikuwa limeingia wimbo wa nne. Kamani, ile springi inayoliendesha, ilikuwa imejaa, na hakuna aliyelisimamisha. Lucien alivuta shuka. Alitaka kuona namba iliyogongwa chini ya sanduku, kwa sababu Aimé alikuwa na daftari la namba. Alisukuma kishikizo akalisimamisha katikati ya wimbo.

Bi. Seixas akasema, "Bwana Lucien, wimbo umalizike kwanza."

Alilisema taratibu, na ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa ukumbini siku ile. Sisi wengine tulikuwa tumeinama mbele kutaka kuona namba.

Lucien alilipindua sanduku. Mtu asiye wa kazi hii hawezi kujua uzito wa kosa hilo. Kamani ikiwa imejaa, kitu pekee kinachoizuia ni breki ndogo yenye mabawa mawili, tunaiita kipepeo. Sanduku lilimponyoka, kona yake ikagonga meza, kipepeo kikaruka kutoka mahali pake. Silinda ikakimbia. Nyimbo mbili zilipita kwa sekunde tatu, na sitaki kuieleza sauti yake. Meno yakawa yanakatika na kuruka. Tulipokuja kuyahesabu yalikuwa kumi na moja, na yote yalikuwa ya sauti za juu, yale yenye manyoya.

Bi. Seixas alipiga magoti sakafuni akaanza kuyaokota moja moja na kuyaweka kiganjani. Lucien naye alipiga magoti upande wa pili wa meza. Lucien si mtu mbaya. Alikuwa analia, na alikuwa anampenda baba yake mdogo kuliko alivyompenda baba yake. Lakini alisema, "Usiguse, mama. Tafadhali usiguse tena kitu chochote chake." Kisha akatoa simu na kupiga polisi. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Sajini Chollet alifika saa tisa na nusu. Aliniuliza niliyoyajua, na nikamjibu kwamba sanduku ni la Aimé na aliyelitengeneza mwisho ni Aimé. Hiyo ikawa mara ya tatu. Bi. Seixas alitoa maelezo yake kwamba alilitengeneza mwenyewe, na maelezo hayo yakaonekana uongo kwa sababu yangu. Mtu aliyedanganya kuhusu matengenezo, nani atamwamini kwamba alipewa? Sajini alilikabidhi sanduku kwangu kama mtaalamu, niandike limeharibika kiasi gani. Jumatatu tarehe 7 huduma anayofanyia kazi Bi. Seixas ilimsimamisha, na nimesikia kwamba akipatikana na hatia hataruhusiwa tena kuingia nyumba ya mgonjwa yeyote katika jimbo hili.

Afisa ameniuliza kwa nini nilidanganya. Nitamjibu.

Mwaka 1987 nilimwomba Aimé anifundishe kuweka vinyamazishi. Nilikuwa narekebisha sauti za meno, lakini kazi ya manyoya waliifanya mafundi wa chumba cha juu, na wote walikuwa wanaume. Aimé alinijibu, "Wewe una sikio, Odile. Mtu hapewi vyote." Nilikubali. Nilikaa na jibu lile miaka thelathini na minane, nikajiambia kwamba Aimé hafundishi mtu, ndivyo alivyo, si kwamba amenikataa mimi. Sasa anakuja mama aliyeajiriwa kumnywesha dawa, na amefundishwa, na amejua. Nilisikia wivu. Nimeutafutia jina jingine wiki nzima na sijalipata.

Kuna la pili. Mikono ya Aimé ilipoanza kutetemeka, niliacha kwenda. Jumatano ya mwisho ilikuwa tarehe 16 Machi 2022. Alimwaga kahawa kwenye suruali, akacheka, mimi nikajifanya sijaona. Jumatano iliyofuata nilisema nina mafua. Iliyofuata nilisema barafu. Baadaye sikusema kitu. Naishi mita mia nne kutoka kwake. Kwa karibu miaka mitatu aliyekaa kile kiti cha Jumatano ni Bi. Seixas, na mimi nilikuwa naiona taa ya sebuleni ikiwaka nikipita kwenda kununua mkate. Nilipomwona Jumamosi na ule mfuko, nilitaka awe mwizi. Ingekuwa nafuu kwangu.

Sasa narudi kwenye mfululizo.

Jumanne tarehe 8 Aprili, saa tatu asubuhi, nilianza kazi niliyopewa. Nililegeza kamani yote kwanza, kama inavyotakiwa. Nilifungua skrubu za kichana, nikakinyanyua, nikakigeuza. Manyoya yaliyosalia niliyatazama kwa kioo cha kukuzia. Yamekatwa na mtu wa mkono wa kushoto. Aimé alitumia wa kulia, na Bi. Seixas nilimwona sakafuni akiokota meno kwa mkono wa kushoto.

Kisha nikatazama kwenye bamba la shaba, pale kichana kinapokaa. Ni desturi ya bonde letu kwamba fundi akilifungua sanduku, huandika jina lake pale kwa ncha ya sindano. Hapaonekani mpaka sanduku lifunguliwe na fundi mwingine, pengine baada ya miaka hamsini. Haambii mtu, hata mwenye sanduku haambiwi. Huandikwa kwa ajili ya fundi atakayefuata, basi.

Palikuwa na maandishi manne. La kwanza ni la mwaka 1894, jina halisomeki vizuri. La pili na la tatu ni ya Aimé, ya mwaka 1961 na 1988, herufi zimenyooka kama za kitabu. La nne limeandikwa na mkono unaotetemeka. Herufi zinapanda na kushuka, na nyingine zimerudiwa mara mbili. Najua ilimchukua siku nzima. Linasema hivi, nalisoma hapa mbele ya afisa kutoka kwenye bamba lenyewe:

"Vinyamazishi vya juu: D. Seixas. Kazi nzuri, virefu kidogo. Mimi nilishika taa tu. Sanduku ni lake. A. Bornand, 17 Novemba 2024."

Bi. Seixas hakujua kwamba maandishi haya yapo. Angejua angeyataja Jumamosi. Aimé alifuata desturi, hakumwambia. Alijua kwamba mtu atakayefuata kulifungua sanduku hili, kama si yeye mwenyewe Bi. Seixas, basi nitakuwa mimi, kwa sababu bondeni hakuna mwingine aliyebaki.

Nililifunika bamba kwa kitambaa. Jumanne sikuja kituoni. Jumatano sikuja. Sina sababu ya kumpa afisa. Nilipika, nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jana, Alhamisi tarehe 10 Aprili, saa nne asubuhi, Gaston alikuja kwangu. Kwa kawaida akija huanza na mzaha. Jana alikaa bila kuvua kofia.

Alisema, "Huguette kagoma kuogeshwa. Wamemleta binti mmoja mzuri tu, mpole, lakini Huguette anashika mlango. Leo siku ya nne. Anamtaka yule yule."

Nilimmiminia kahawa.

Akasema, "Mimi jina langu ananisahau, Odile. La yule mama analijua."

Kisha akasema jambo ambalo aliliona dogo. Alisema, "Na nilimwona mtu mwema siku zote. Vuli iliyopita alikuja kuniomba manyoya ya kuku wangu mweupe, ya bawa. Nikamwambia chukua, nikadhani ni dawa za kwao Ureno. Alikaa bandani saa nzima anachagua. Kuku mwenyewe alichoka."

Nilimuuliza, "Mbona Jumamosi hukusema?"

"Jumamosi nilikuwa nachekesha watu," alisema. "Na wewe ulishasema mkono ni wa Aimé. Mimi ni nani nikubishie kwa habari ya kuku?"

Nilikwenda kuleta bamba, nikaliweka mezani mbele yake, nikampa kioo. Alisoma kwa muda mrefu. Alipomaliza alivua kofia. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Alisema tu, "Kesho kituo kinafunguliwa saa nane," akaondoka.

Leo nimeleta bamba la shaba, kichana, silinda, na bahasha yenye meno kumi na moja. Gaston Addor yuko tayari kutoa maelezo kuhusu manyoya. Lucien nimempitia dukani kabla ya kuja hapa. Nilimwonyesha maandishi. Alipitisha kidole juu ya herufi, akasema, "Huu ndio mwandiko wake wa mwisho," kisha akageukia rafu akawa anapanga makopo ya rangi. Nilipofika mlangoni aliniambia niwaambie polisi kwamba anaondoa malalamiko, na atakuja mwenyewe kutia saini saa kumi na moja akifunga duka.

Afisa ameniuliza kama kuna jambo la kuongeza. Lipo. Siku ya Jumamosi Bi. Seixas alikuja kuuliza swali moja tu, kama tutausikia mkono wake. Niliusikia kabla wimbo haujaisha. Jibu langu la tatu nalibadilisha, na naomba liandikwe kama ninavyolisema: limetengenezwa hapa bondeni, lina miaka mia na thelathini, na mkono ni wa Deolinda Seixas.

Nimesomewa yote niliyosema, nimeyasikia, na hayana kasoro ambayo si yangu mwenyewe.

Saini: O. Jaccard

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa nami, shahidi amesomewa, naye ametia saini mbele yangu saa tisa na dakika hamsini mchana. Nimepokea vielelezo vilivyotajwa. Maandishi kwenye bamba nimeyaona na kuyapiga picha. Shahidi ameelezwa kwamba maelezo yake ya tarehe 5 Aprili yanaweza kumfungulia kesi. Amesema anajua.

Bi. Seixas aliitwa kwa simu, akafika saa kumi na dakika ishirini. Nilimwarifu kuhusu maelezo haya na kumwonyesha bamba. Aliomba kiti. Shahidi, ambaye alikataa kurudi nyumbani na alikuwa kwenye korido muda wote huo, aliomba ruhusa ya kuingia. Nilimruhusu. Kwa ombi lake naandika waliyosemezana.

Bi. Jaccard alisema, "Wewe utayatengeneza haya meno. Mimi nitashika taa."

Bi. Seixas aliimimina bahasha juu ya meza yangu, akayapanga meno kwa mkono wa kushoto, kutoka refu hadi fupi, akayahesabu mara mbili. Kisha akauliza kama Bwana Gaston bado anaye yule kuku mweupe.

Sajini V. Chollet